UZI BILA MTI: kazi ya wanafunzi wanne wa Stanford na swali inalotuachia

Kurasa za namna hii tumezoea kuzijaza na vitu vinavyoshikika: ngoma, lulanga, likembe, mkuki, kibuyu cha kasiksi. Mara hii naomba ruhusa ya msomaji nizungumze juu ya chombo cha muziki ambacho hakuna fundi aliyekichonga, hakuna mbuzi aliyechinjwa juu ya ngozi yake, na hakuna mtu anayeweza kukibeba begani. Ni uzi unaolia ndani ya ordinatere (ndugu zetu wa Tanzania wanasema kompyuta). Ulitungwa na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, Marekani, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwaka wa 1983.

Mtu ataniuliza: mambo ya Stanford yanaingiaje katika kitabu cha desturi? Yanaingia kwa mlango huu. Siku hizi vijana wetu wanatengeneza muziki na telefone. Wanagusa kioo, ngoma inalia. Wanagusa tena, gitare inalia. Wazee wanasema: hiyo ni kuua vyombo vya mababu. Vijana wanajibu: hapana, ni kuviokoa, juu lulanga yenyewe imekwisha vijijini. Kila upande unasema kwa nguvu, lakini ni wachache waliofungua kile chombo ili waone mna nini ndani. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kazi ya mwalimu ni kufungua vitu mbele ya watoto. Basi tukifungue hiki, na tukihukumu sawa vile tunavyohukumu kazi yoyote ya sanaa: kilitafuta nini, kilifika wapi, kinapungukiwa nini, na sisi kinatuambia nini.

I. Namna kazi ilivyofanyika

Wa kwanza walikuwa wawili, Alex Strong na Kevin Karplus. Walikuwa wanafunzi wa elimu ya ordinatere, hawakuwa wanafunzi wa muziki. Shida yao ilikuwa ya mtu maskini: ordinatere ndogo za nyakati zile hazikuwa na nguvu. Kutengeneza sauti ya uzi kwa njia iliyojulikana kulihitaji hesabu nyingi sana kwa kila sekunde, na mashine ndogo ilishindwa. Wao wakatafuta njia ambayo hata mashine dhaifu ingeiweza. Wakapata njia isiyohitaji kuzidisha hata mara moja: ni kujumlisha, na kugawa kwa mbili. Basi.

Ngoja nieleze namna ninavyoeleza darasani, juu mtu asiyeelewa jambo hili hawezi kusifu wala kulaumu.

Chukua safu ya namba zisizo na mpango wowote, kama vile umezirusha chini ovyo. Tuseme nne tu: 8, 0, 6, 2. Ordinatere ikizisoma na kuzipeleka ku hoparleri, inatoa kelele. Sasa chukua ya kwanza na ya pili, tafuta nusu ya jumla yake: 8 na 0 inatoa 4. Halafu 0 na 6: inatoa 3. Halafu 6 na 2: inatoa 4. Ya mwisho, 2, unaijumlisha na ile 4 mpya ya mwanzo: inatoa 3. Safu yako imekuwa 4, 3, 4, 3. Unaona? Milima imeshuka, mabonde yamepanda. Rudia tena, na namba zote zinakaribia 3 na nusu. Zikiwa sawa zote, hakuna kutetemeka tena: ndiyo kimya. Ukifanya hivyo kwa safu ndefu, na ukizungusha haraka, sikio linasikia kitu cha ajabu: kelele fupi mwanzoni, sawa vile kidole kinapoachia uzi, kisha sauti safi inayolia na kufifia polepole.

Kwa nini inafanana na uzi wa kweli? Kwa sababu uzi wa kweli nao unafanya hivyo. Ukiupiga, mwanzoni una sauti nyingi pamoja, kali na nzito. Zile kali zinakufa mbele, zile nzito zinabaki. Kujumlisha na kugawa kwa mbili kunaua zile kali upesi na zile nzito polepole. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi imebeba tabia ya uzi.

Urefu wa safu ndio unaotoa sauti ya juu ao ya chini. Tuseme ordinatere inasoma namba 44,100 kwa sekunde, sawa vile kwenye CD. Safu ya namba 200 itatoa mitetemo karibu 220 kwa sekunde, maana yake ile la ya chini ya la wanayotumia wapiga gitare kulinganisha nyuzi. Safu fupi inalia juu, safu ndefu inalia chini. Hata mtoto anayefunga kamba kwenye kijiti anajua sheria hiyo.

Wa tatu na wa nne walikuja baadaye. David Jaffe alikuwa mwanafunzi wa kutunga muziki, na mpigaji wa mandolini. Julius Smith alikuwa mwanafunzi wa umeme, na kitabu chake cha udaktari cha mwaka wa 1983 kilichunguza fidla. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi katika kile kituo cha Stanford cha muziki na ordinatere kinachoitwa CCRMA, kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Waliupokea uzi wa wenzao wakaona makosa yake mara moja, juu mpiga chombo haangalii hesabu, anasikiliza.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Safu haiwezi kuwa na namba ishirini na nusu. Ni 20 ao ni 21. Kwa sauti za chini hakuna neno. Lakini kwa sauti za juu, safu ya namba 20 inatoa mitetemo karibu 2,150 kwa sekunde, na ya namba 21 inatoa karibu 2,050. Kati ya hizo mbili hakuna kitu! Ni sawa na gitare ambayo kwa nyimbo za juu haikazwi vizuri hata ufanye nini. Jaffe na Smith wakaingiza hesabu ndogo ya kuchelewesha sauti kwa sehemu ya hatua moja, na kuanzia hapo uzi uliweza kukazwa popote sikio linapotaka. Wakaongeza pia namna ya kuonyesha kidole kimepiga wapi, karibu na mwisho wa uzi ao katikati; namna ya kupiga kwa nguvu ao kwa upole; namna ya kurefusha ao kufupisha sauti; hata namna uzi mmoja unavyoamsha uzi wa jirani ambao haukuguswa.

Maandiko yote mawili, la wale wawili wa kwanza na la hawa wawili, yalitoka katika toleo moja la gazeti la Computer Music Journal mwaka wa 1983, moja nyuma ya jingine. Huyo ndiye mtoto wao. Vyombo vingi vya ordinatere vinavyoiga nyuzi, hata leo, vina damu yake.

II. Tunalopaswa kusifu

Ninasifu kwanza ushirikiano wenyewe. Shuleni kwetu mtu wa hesabu anamdharau mtu wa kuimba, na mtu wa kuimba anamwogopa mtu wa hesabu. Hapa tunaona kwamba peke yake kila mmoja asingefika. Strong na Karplus walikuwa na uzi, lakini haukuweza kupiga wimbo mzuri. Jaffe alikuwa na wimbo, lakini hakuwa na uzi. Smith alikuwa na elimu ya kuunganisha. Na hawakuficha: wale wa pili waliwataja wale wa kwanza, na wakaandika kazi ipi ni ya nani. Hii heshima ndogo inakosekana mara nyingi kwetu, hata katika nyimbo za kanisa, ambapo mtu anachukua wimbo wa mwenzake na kuandika jina lake juu.

Ninasifu pili umaskini wa njia yao. Ukikosa nguvu, unalazimishwa kuelewa. Mtu mwenye mashine kubwa angerekodi gitare, akamaliza. Wao hawakuweza, basi walilazimika kujiuliza uzi ni kitu gani. Watoto wetu wa Bukavu, wa Uvira, wa Goma, wanaolalamika kila siku kwamba hawana vyombo na kwamba umeme unakatika, wanapaswa kusikia habari hii. Telefone iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa leo inazipita mbali sana zile ordinatere ndogo za wakati ule. Kinachokosekana si nguvu ya mashine.

Tatu, ninasifu matunda. Mwaka wa 1982 Jaffe alitunga kazi inayoitwa Silicon Valley Breakdown, ambayo nyuzi zake zote ni za ordinatere. Neno hilo breakdown linatoka katika muziki wa wakulima weupe wa milima ya Marekani, ule wa banjo na fidla za mbio. Na banjo inatoka wapi? Babu yake alibebwa kutoka Afrika ya Magharibi na watu waliotiwa minyororo. Kwa hiyo msomaji asiseme mbio: haya hayatuhusu. Kivuli cha kibuyu cha Afrika kimo hata ndani ya zile namba.

Kazi yenyewe ina mahali pa kuchekesha na mahali pa kushangaza. Kuna nyuzi ndogo kuliko za mandolini, kuna nyuzi nzito kuliko za chombo chochote mtu awezacho kujenga. Kuna sauti zinazoanza pamoja, kisha kila moja inashika mwendo wake, hii inakimbia, ile inachelewa, na mwisho zinakutana tena sawasawa mahali palipopangwa. Hakuna kikundi cha watu kinachoweza kufanya hivyo kwa mikono. Hapo chombo kisichoshikika kimefanya kazi yake halisi: hakikuiga tu gitare, kimeenda mahali ambapo gitare haiwezi kufika. Mwigaji tu asingestahili hata kurasa hizi.

III. Mahali tunapoachana nao: kelele

Sasa lawama. Ninataka iwe lawama ya haki. Wengine wanasema: "Chombo hicho hakina roho." Neno hilo halisaidii mtu. Roho haipimwi. Mimi natafuta kitu kinachosikika.

Angalieni tena namna uzi ule unavyozaliwa. Unaanza na kelele, na kazi yote ya hesabu ni kufukuza kelele. Nusu ya sekunde, kelele imekwisha, sauti safi imebaki. Kelele ni kuni. Ikiisha kuwaka, haina kazi tena. Hayo ni mawazo ya muziki wa namna fulani: sauti nzuri ni sauti safi.

Sisi huku hatukufikiri hivyo. Shika likembe ya mzee yeyote. Kwenye ndimi za chuma utakuta vipete vidogo vinavyozunguka na kutoa mlio wa nzii. Ukiviondoa, mzee atakwambia umeharibu likembe yake. Mlio ule si uchafu ulioshindwa kusafishwa. Umewekwa kwa makusudi, kwa kazi, na mikono inayojua.

Mfano mkubwa zaidi uko kwa jirani zetu wa Burundi, ng'ambo ya Ruzizi. Chombo chao cha inanga ni ndugu wa lulanga ya Bashi: mti uliochimbwa kama sinia refu, na uzi mmoja mrefu unaopita kwenda na kurudi juu ya meno ya mti hadi kutoa nyuzi kadhaa. Kuna namna yake moja ambapo mpigaji haimbi. Ananong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, ni pumzi tu, ni kelele. Lakini nyuzi zinatembea pamoja na maneno, na sikio la msikilizaji linaunganisha vyote viwili hata anaamini kwamba mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti Cornelia Fales alieleza fumbo hilo mwaka wa 2002: wimbo ambao tunasikia mdomoni mwa mpigaji hautoki mdomoni, unatoka ku nyuzi, na sikio letu ndilo linalouhamisha.

Linganisheni sasa. Wanafunzi wa Stanford walianza na kelele wakaitupa ili wapate uzi. Mrundi mwenye inanga anaweka kelele kando ya uzi, hatupi kitu, na kati ya viwili hivyo kunazaliwa sauti ya tatu. Wale walitafuta namna uzi mmoja unavyolia. Huyu anajua namna uzi na mtu wanavyolia pamoja. Hizo ni elimu mbili, na ya pili haimo ndani ya safu ya namba.

Nikitaka kuwa wa haki, niongeze maneno mawili. Kwanza, Karplus na Strong wenyewe walionyesha kwamba ukigeuza alama za namba kwa bahati nasibu, kelele haiishi kuwa safi, na uzi unageuka kuwa ngoma. Mlango ulikuwa wazi, basi. Pili, uzi wao haukuwa na mwili: hakuna sanduku, hakuna mti. Kosa hilo lilipata dawa mwaka wa 1993, kule Stanford na pia Helsinki, Finland, watafiti walipopata njia ya kuingiza mlio wa sanduku la gitare ndani ya ile kelele ya mwanzo. Mwili ulirudi. Lakini mtu bado hakurudi: mnong'ono, mguu unaopiga chini, wasikilizaji wanaojibu.

IV. Kosa la wale waliokuja nyuma

Lawama yangu nzito si kwa wale wanafunzi wanne. Ni kwa biashara iliyofuata.

Kumbukeni kazi ya Jaffe na Smith: walipigana ili uzi ukazwe popote sikio linapotaka. Hiyo ingekuwa baraka kwa sisi, juu lulanga na likembe zetu hazikazwi kwa kufuata piano. Mzee mmoja anakaza hivi, mzee wa kilima kingine anakaza vile, na kila mmoja ana sababu. Lakini mwaka huohuo wa 1983 vinanda vya umeme vilianza kusemezana kwa lugha moja inayoitwa MIDI, na lugha hiyo kwa kawaida inahesabu vidonge vya piano: hatua kumi na mbili zilizo sawa, na hakuna kitu kati yake. Mwaka wa 1991 ikatoka orodha ya vyombo 128 ambayo kila kinanda kilipaswa kuwa nayo. Katika orodha hiyo mna koto ya Japani, sitar ya India, banjo. Marimba imo namba 13, imefika huko kwa njia ya Amerika. Na kwa Afrika yetu nzima, chombo kinachowekwa kwa jina lake kama chombo cha Afrika ni kimoja: namba 109, kalimba.

Na kalimba hiyo ni ipi? Jina hilo lilienea ulimwenguni kwa njia ya Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, yule aliyerekodi muziki katika nchi nyingi za Afrika pamoja na Kongo. Miaka ya 1950 alianza kutengeneza chombo cha kuuzia watu wa inje, akakikaza kwa do-re-mi ili wazungu wapige nyimbo zao bila taabu. Simlaumu kwa kila kitu. Bila mashine yake ya kurekodi tungepoteza mengi. Lakini oneni njia iliyopitiwa: likembe ikasafishwa kwanza na fundi, ikasafishwa tena na kinanda, halafu ikarudi kwetu ndani ya telefone, bila vipete, bila mlio wa nzii, imekazwa kwa piano. Mtoto wa Walungu ao wa Kabare anaigusa na kusema, "Hii njo likembe." Hapana, mwanangu. Hiyo ni picha ya picha.

Hesabu nayo inasaidia kuona kosa. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja hautetemeki kama uzi. Uzi una sauti yake kubwa, na juu yake nyingine za mara mbili, mara tatu, mara nne. Ulimi una sauti yake kubwa, na ile ya pili iko juu yake zaidi ya mara sita. Ndiyo sababu likembe ina kile kitu cha kengele mwanzoni. Mtu atakayechukua uzi wa Stanford akauita likembe atakuwa amekosa tangu mstari wa kwanza. Likembe inadai hesabu yake yenyewe. Nani ataiandika?

V. Na sisi?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Wazee wa ushirika wanaokataa kabisa chombo kisichoshikika, nawaomba wakumbuke gitare. Gitare haikuzaliwa huku. Lakini mwaka wa 1952, kule Jadotville ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco, akipiga Masanga, na vidole vyake viwili vilifanya gitare iseme namna ambayo hata wapiga gitare wa Ulaya walishangaa. Chombo cha kigeni kilikuwa cha kwetu siku ile vidole vya kwetu vilipokilazimisha kusema. Na rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa ulimwengu mwaka wa 2021, ingekuwa wapi bila gitare?

Vijana nao nawaomba waone tofauti. Kugusa namba 109 si kuokoa kitu. Bosco hakununua sauti iliyopigwa tayari. Alitafuta mwenyewe ku nyuzi. Anayegusa kidonge hajifunzi lolote juu ya likembe: hajui imekazwaje, hajui vipete ni vya nini, hajui nani anaipiga na wakati gani. Lakini anayejenga, hata kama anajenga ndani ya ordinatere, analazimika kuuliza. Uzi huu una mitetemo mingapi? Sauti yake inakufa kwa muda gani? Kidole kinapita wapi? Kwa nini mzee amekaza uzi wa tatu chini kidogo ya ule tunaotegemea? Majibu hayamo katika telefone. Yako kwa mzee. Chombo kinachomlazimisha kijana kwenda kumwuliza mzee hakiwezi kuwa adui wa desturi.

Nimejaribu ile safu ya 8, 0, 6, 2 na wanafunzi wa mwaka wa tano, ubaoni, na chaki tu. Mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa lulanga iko na namba ngapi?" Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi niliyosahihisha. Sikuweza kumjibu, na hakuna kitabu cha shule kinachoweza kumjibu. Mmarekani Alan Merriam alikaa na Bashi mwaka wa 1951 na 1952, akaandika juu ya vyombo vyao mwaka wa 1955. Sauti nyingi za nyakati zile zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na nyingi zimekwisha kupitishwa mu ordinatere. Hivyo ni vizuri, lakini mtoto wa Kivu aliyekosa visa hasikii mzee wa kilima chake. Na tangu vita vya 1996 watu wamekimbia mara nyingi. Anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, lulanga inabaki nyumbani. Wanaojua kuikaza wanazeeka. Hii si hesabu ya kuahirisha.

Kwa hiyo napendekeza ushirika wetu ukubali vijana wajenge lulanga ya ordinatere, lakini kwa masharti, na masharti hayo niyaseme wazi.

La kwanza: wasifanye kazi peke yao. Stanford walikuwa wanne wa elimu mbalimbali. Sisi tuwe na mwanafunzi wa hesabu, mwanafunzi anayepiga chombo, fundi wa kuchonga, na mzee mpigaji. Mzee asiitwe siku ya mwisho kupigwa picha. Aketi tangu mwanzo, na neno lake likubaliwe anaposema: "Hapana, haijalia bado."

La pili: kukaza kufuate sikio la mzee, si vidonge vya piano. Jaffe na Smith walitupa ufunguo huo mwaka wa 1983. Ni haya kuwa nao mfukoni bila kuutumia.

La tatu: kelele ibaki. Pumzi, mlio wa kidole juu ya mti, mnong'ono. Chombo kikitoka safi kama sahani ya hoteli, kirudishwe.

La nne: majina. Chuo Kikuu cha Stanford kilipata hati ya uvumbuzi ya ule uzi mwaka wa 1987, kwa jina la Strong na Karplus. Muda wa hati hiyo umekwisha kitambo, na leo kila mtu anaweza kutumia njia ile bure, hata sisi. Wao walijua kwamba hata mpango wa namba una mwenyewe. Mkazo wa lulanga ya mzee nao ni mpango, umefika kwake kwa vizazi. Hauna hati, lakini una mwenyewe. Iandikwe jina lake, kilima chake, na aliyemfundisha. Na kama pesa zitapatikana siku moja, nyumba yake isisahauliwe.

La tano, na kwangu ndilo kubwa: kwa kila lulanga ya ordinatere, moja ya mti ichongwe na ibaki shuleni. Watoto wapige hii na ile, walinganishe. Siku watakapoweza kutuambia kwa maneno yao ni nini kinachokosekana katika ile ya ordinatere, watakuwa wameijua ile ya mti.

Najua kuna wanaoogopa kwamba sharti hili la tano litakuwa gumu: mafundi ni wachache, mti mzuri unauzwa ghali, na shule nyingi hazina hata kabati linalofungwa. Ni kweli. Basi tuanze na fundi mmoja, shule moja, na mzee mmoja ambaye bado ana nguvu mikononi. Wasomaji wanaomjua mzee wa namna hiyo, kule Kabare, Ngweshe, Idjwi ao Kalehe, wafikishe jina lake kwa ushirika mbele ya likizo kubwa. Hesabu zinaweza kungoja. Yeye hawezi.